Ufunguo Kwenye Kopo la Kahawa

Mpendwa Bi. Wilma,

Nakusoma kila Alhamisi tangu ulipoacha uaskari kwa sherifu ukaanza kuandika humu gazetini, na leo naomba unisaidie jambo moja tu, nalo ni bastola, ninunue ipi, kwa sababu kila mtu ananiambia lake na mimi nina miaka sitini na tatu na sikuwahi kushika bastola mpaka mwezi wa pili mwaka huu. Marehemu mume wangu Royce ndiye aliyekuwa na silaha zake na mimi nilikuwa na jiko langu, tukaishi hivyo miaka thelathini na nane na hatukugombana kwa hilo hata siku moja.

Nakaa peke yangu mwisho wa barabara ya changarawe, jirani wa karibu ni ng'ombe wa watu, na Jumapili moja ya mwezi wa pili nilirudi kutoka kanisani nikakuta nyumba imeingiliwa. Kulikuwa hakuna kilichovunjwa, televisheni ipo, ila msumeno wa Royce wa kukatia miti hakuna, na vile vidonge vya maumivu alivyobakiza alipokufa kwa kansa hakuna, na bastola yake aliyokuwa anaiweka kwenye droo chini ya soksi nayo hakuna. Nilikaa kitandani na koti langu la kanisani mpaka miguu ikafa ganzi.

Nikampigia shemeji yangu Delbert, mdogo wake Royce, na unajua hakuniuliza nimeibiwa nini wala namshuku nani, alisema tu, "Shemeji, kesho nakupitia, tunakwenda kukununulia chuma chako." Alifurahi, Bi. Wilma, sijawahi kumwona amefurahi vile kwa jambo langu. Tukaenda duka la silaha kule mjini, muuzaji mwanaume mnene mwenye ndevu mpaka kifuani, akanitazama mikono akasema, "Mama, mkono wako mdogo, chukua ndogo. Hii nyepesi kabisa, hata kwenye mfuko wa aproni inakaa." Akaniwekea rivolva ya risasi tano, fupi kama kidole, mpini wake wa zambarau, eti wanawake wanaipenda, na Delbert akasema, "Ichukue, shemeji, hiyo ndiyo saizi yako," na mimi nikaichukua kwa sababu wanaume wawili walikuwa wamesimama wananisubiri niseme ndiyo.

Kesho yake Delbert akanipeleka nyuma ya banda lake la majani ya ng'ombe, akasimamisha kipande cha boksi amechora mtu, akasema piga. Ile kitu ndogo ilinirusha mkono mpaka usoni, ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikachanika, nikalia. Ya pili nilifumba macho, ikaenda ardhini. Ya tatu ikatoboa tangi la trekta lake, na Delbert akalitazama lile tangi linavyovuja akasema, "Basi shemeji, trekta umeshaliua, sasa muue na mwizi." Wakacheka yeye na mke wake. Nami nilicheka, maana ungefanyaje.

Nikamwambia Nadine, tunayeimba naye kwaya, akasema tatizo ni rivolva, akafungua lile jalada la zipu la Biblia yake, kumbe ndani mna bastola ya magazini, ile ya kuchomeka kasha la risasi kwenye mpini, anakuja nayo ibadani, anakaa nayo kiti cha pili kutoka mbele. Akanipa nijaribu kuikoki, kuvuta kile chuma cha juu kirudi nyuma, na mimi sikuweza, vidole vyangu vina baridi yabisi, naweza kukanda unga asubuhi na mchana siwezi kufungua kopo la achari. Nadine akasema, "Vuta kwa hasira, mwenzangu, fikiria mtu unayemchukia." Nikavuta na haikwenda, nikamwambia labda sina ninayemchukia, akasema kila mtu anaye.

Nimekwenda dukani mara tatu sasa. Mara ya mwisho mwenye ndevu akanifungia kwenye ile ndogo yangu kijitaa kinachotupa doa jekundu, akasema, "Hapa huhitaji hata kulenga, mama, ukiona jekundu limekaa kifuani wewe finya tu." Na kila ninapokwenda watu wananipongeza, mchungaji amenipongeza, yule wa posta amenipongeza, wanasema vizuri sana, mwanamke lazima ajilinde, na sijakutana na mtu hata mmoja aliyeniuliza najilinda na nani.

Kila jioni baada ya kula natoa risasi zote, nazihesabu mezani, halafu nasimama karibu na friji na kulenga mlango wa jikoni kama Delbert alivyonionyesha, kimo cha kifua. Juzi nikagundua lile doa jekundu nimekuwa nikiliweka juu mno, karibu na bawaba ya juu, nikajiuliza kwa nini nalenga juu vile, mtu gani mrefu hivyo, nikakaa chini sakafuni hapohapo kwa sababu Colby ni mrefu.

Colby ni mwanangu, ana miaka thelathini na moja, sina mwingine. Aliumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao, hospitali wakampa vidonge, walipoacha kumpa akatafuta mwenyewe, mengine unayajua, uliyaona kwa watoto wa watu ulipokuwa kazini. Amefungwa, ametoka kwa masharti, anaripoti kwa afisa wake kila mwezi, na akikutwa na hata risasi moja mfukoni anarudi ndani miaka mingi. Ile Jumapili nilijua ni yeye kabla sijafika chumbani, kwa sababu alikula maharage yangu na mkate wa mahindi, sahani akaiweka kwenye sinki akaijaza maji, nilivyomfundisha tangu mdogo. Na hakuvunja mlango kwa sababu ufunguo upo kwenye kopo la kahawa kwenye kibanda cha pampu ya kisima, tuliuweka pale alipokuwa na miaka tisa asije akatoka shule akakaa nje kwenye baridi, na bado upo palepale, sijautoa, sijui kwa nini nakuambia hili.

Sikuripoti. Ningesemaje, ningetaja bastola wangemrudisha ndani. Mwezi wa tano alikuja akasimama uani, amekonda, macho si yake, akasema, "Mama, nina shida kidogo tu." Nikamwambia sina kitu. Akasema, "Usinifanye niingie kwa nguvu, mama." Kwa sauti ya chini tu, ile aliyokuwa anaitumia kuomba ruhusa ya kwenda kuvua samaki. Kisha akaondoka. Namwogopa, Bi. Wilma, hiyo ndiyo kweli yenyewe, mtoto niliyemzaa namwogopa, na sijamwambia mtu.

Kwa hiyo naomba uniambie, wewe uliyefundisha nusu ya wanawake wa wilaya hii kupiga shabaha, ni bastola gani mikono kama yangu itaiweza, na kama kuna aina inayoweza kumwangusha mtu bila kumuua, mguuni hivi, niinunue hiyo.

Ni mimi,
Mikono Mibovu, Mwisho wa Changarawe

BI. WILMA ANAJIBU:

Mikono Mibovu, pole sana. Naanza na pole kwa sababu nikishaanza mengine sitakuwa na nafasi ya kuisema.

Majina ya watu wako nimeyabadilisha yote. Kopo la kahawa nimeliacha kama lilivyo, maana nusu ya nyumba za wilaya hii zina kopo kama hilo, na wewe la kwako utakuwa umelitoa kabla gazeti halijafika posta. Kama unasoma hapa na bado lipo, weka gazeti chini, nenda kalitoe, urudi.

Umeniuliza bastola, nakujibu bastola, nisije nikaonekana nakukwepa. Mwenye ndevu amekuuzia kitu kibaya kuliko vyote dukani kwake kwa mtu anayeanza, na anajua, na wanawake wanaouziwa hicho hicho kila wiki ni wengi. Bastola ndogo nyepesi haina uzito wa kumeza teke la mlipuko, kwa hiyo teke lote linakuja mkononi mwako. Zile ni za watu wenye uzoefu wa miaka, wanaozibeba siku nzima na kuzipiga mara chache. Anayeanza anahitaji kubwa, nzito, ya chuma kitupu, yenye mtutu mrefu kidogo na risasi zisizo kali, inayojaa mkononi na kutulia. Mwenye baridi yabisi asiyeweza kukoki anatafuta rivolva nzito ya namna hiyo, au zile za magazini zilizotengenezwa makusudi ziwe laini kukoki, zipo. Na hanunui mpaka aende uwanja wa shabaha wanakokodisha bastola, ajaribu nne au tano kwa mikono yake mwenyewe, na anayemfundisha asiwe shemeji. Delbert wako alistahili kutobolewa lile tangi lake. Mtu anayempa mwanafunzi wa siku ya kwanza kitu kama kile kisha akacheka hafundishi, anajiburudisha.

Kijitaa chekundu kirudishe. Kuhusu mguu, hakuna. Hakuna bastola duniani inayochagua mguu. Mguuni kuna mshipa mkubwa, na nimemwona mtu akiisha damu kupitia mguu wakati ambulensi inatafuta njia kwenye changarawe kama yenu. Mtu aliyetishika anapiga katikati ya kile anachokiona, na mara nyingi anachokiona ni kivuli. Ukishika bastola mbele ya mtu, umeshakubali kumuua. Usiyekubali hilo usiishike, na wewe hujakubali, ndiyo maana umenitumia kurasa nne.

Sasa tuongee.

Umeweka jambo lenyewe chini kabisa ya barua, chini ya trekta, chini ya Nadine na Biblia yake. Mimi nimesoma barua za watu miaka sita na taarifa za polisi miaka kumi na tisa kabla ya hapo, huwa naanzia chini. Na huko chini nimekuta mama ambaye mtoto wake amechukua bastola, naye mama akajua, akaenda kununua yake ya kumsubiria, akanyamaza miezi minne ili kijana asirudishwe jela. Jisikilize, mwenzangu. Umeona afadhali umpige risasi kuliko umripoti.

Najua hukuipanga hivyo. Najua pia kwa nini imekuja hivyo, na hasira yangu kwa hili si juu yako peke yako. Huku kwetu mwanamke akisema anakwenda kununua bastola, mchungaji anampongeza. Akisema anampigia sherifu kwa ajili ya mtoto wake, watu wale wale wanaacha kukaa naye benchi moja. Kwa hiyo kila mtu amekusaidia kwenye lile lililo rahisi kwao. Umekwenda duka la silaha mara tatu, na fundi wa vitasa hujampigia hata mara moja.

Nikiwa kazini niliitwa nyumba moja, sitasema wapi, wenyewe wangali hai. Mzee amesimama jikoni, bastola bado mkononi, mwanawe yuko chini karibu na mlango. Kijana alikuwa na ufunguo. Alikuwa ameahidi kutokuja, akaja, akafungua kama alivyofungua maisha yake yote. Nikamwambia mzee aweke silaha mezani, akaiweka polepole, akanitazama kama anayetaka nimkubalie, akasema, "Angebisha hodi. Alitakiwa abishe hodi tu." Alirudia hivyo mpaka tulipomtoa. Sheria haikumfanya kitu, alikuwa ndani ya nyumba yake. Mpaka leo nikikutana naye dukani anaangalia makopo ya rafuni, mimi haniangalii.

Huyo naye alikuwa amefundishwa kulenga kifuani. Alifundishwa vizuri, alipiga mara moja.

Mikono yako, Mikono Mibovu, haina ubovu wowote. Nadine alikwambia ufikirie mtu unayemchukia ukashindwa kukoki. Mimi naona kwamba mikono yako ilikuwa imeelewa kabla yako. Na ule ufunguo umeuacha pale kwa miezi minne kwa sababu unataka aweze kuingia. Unataka aingie, unataka ale, aweke sahani kwenye maji, na wakati huohuo unasimama karibu na friji ukilenga urefu wake. Huwezi kuwa na vyote viwili. Mmoja wenu atakufa humo jikoni, na usisahau kwamba ile ya Royce anayo yeye.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, si wiki ijayo ukishaongea na Delbert. Delbert usimwambie kabisa mpaka yote yaishe.

Ufunguo toa. Mpigie fundi abadilishe vitasa vyote viwili, mbele na jikoni, na aweke komeo la ndani. Ile rivolva ya zambarau mrudishie mwenye ndevu, na akikataa kuipokea ipeleke kwa Nadine aifungie kwenye kasha la chuma, isilale nyumbani kwako hata siku moja zaidi. Mwakani, Colby akiwa mahali unapopajua, kama bado unataka kujifunza kupiga, niandikie jina lako la kweli, nitakufundisha mwenyewe na nitakuletea nzito.

Halafu unakaa mezani unapiga simu kwa sherifu. Karatasi ya kununulia bastola ya Royce ipo, wanaume wa kizazi chake hawatupi karatasi hizo, tafuta kwenye bahasha ya kodi au ndani ya Biblia yake. Unawasomea namba ya bastola, unasema iliibwa Jumapili ya mwezi wa pili, na wakikuuliza unamshuku nani unalitaja jina. Taja na vidonge, waambie ni mgonjwa, omba hakimu aambiwe hivyo, omba apelekwe kwenye matibabu. Huenda wakakusikia, huenda wasikusikie. Sikudanganyi, nimekaa mahakamani vya kutosha. Huenda wakamrudisha ndani, na utakwenda kumwona kupitia kioo, na hatakusemesha.

Utalia baada ya kukata simu, na hakuna wa kukupongeza. Kwaya itajua kabla ya Jumapili. Nadine huenda akakaa mbali nawe kwa muda. Mimi nitakaa nawe benchi moja, mimi si wa kanisa lenu ila niandikie ni lipi nitakuja, utanitambua, nitakuwa nimevaa buti.

Naye atakuja uani tena kabla hawajampata, hilo nalijua. Atakwenda kwenye kibanda cha pampu kwanza, atatia mkono kwenye kopo, atajua. Atapiga mlango, atakutukana matusi ambayo hukuwahi kufikiria mtoto wako anayajua. Usifungue. Kaa chumba cha nyuma na simu mkononi, uwapigie, umwache atukane. Anayekutukana nyuma ya mlango uliofungwa bado yu hai, na wewe bado una mtoto.

Na najua utakachoniuliza, maana wote mnaniuliza hicho mwishoni. Chakula. Mpikie. Maharage na mkate wa mahindi, funika na sahani, uyaweke kwenye kibanda cha pampu, hapo hapo ufunguo ulipokuwa. Asubuhi nenda kaangalie kama kula amekula.

Wilma